Madigadi: Tundu baya hula faida yote

Mwenye gari dogo anapoingia katika maduka ya vipuri ya Gerezani au Kariakoo, jijini Dar es Salaam, aghalabu huwa na orodha fupi mkononi: oili, filta, plagi na pedi za breki. Ni mara chache orodha hiyo ikawa na madigadi, yaani vile vipande vya mpira au plastiki vinavyoning'inia nyuma ya magurudumu kuzuia tope na mawe. Kwa wengi madigadi ni pambo, na pambo hununuliwa fedha ikibaki.

Kihesabu, mtazamo huo una kasoro. Kwa gari linalotafuta riziki katika barabara za vumbi na tope, madigadi ni miongoni mwa matumizi madogo kabisa yanayolinda mtaji mkubwa. Lakini liko sharti. Madigadi zikifungwa ovyo, tundu la skrubu hugeuka mlango wa kutu, na kilichonunuliwa kulinda bodi ndicho kinachoanza kuila. Ndiyo maana kazi hii ni afadhali ifanywe na mwenye gari mwenyewe, nyumbani kwake, kuliko kuachiwa mtu anayelipwa kwa kumaliza haraka.

Gari la lami katika njia ya udongo

Mwaka 1984 Serikali ya Tanzania iliruhusu wananchi waliokuwa na fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Mlango huo ulipanuka zaidi katika awamu ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kati ya mwaka 1985 na 1995. Miongoni mwa bidhaa zilizoingia kwa wingi ni magari yaliyokwisha kutumika Japani, nchi ambayo usukani wa magari yake uko kulia kama wetu. Mtindo huo haujakoma. Watumishi, wafanyabiashara wadogo na madereva wa teksi wameyapata magari yao kwa njia hiyo.

Magari hayo yalitengenezwa kwa soko la ndani la nchi yenye lami karibu kila mahali. Mengi hufika yakiwa hayana madigadi kabisa, au yakiwa na vipande vifupi vya plastiki ambavyo kazi yake ni kutengeneza umbo la gari tu. Likishashushwa bandarini, gari hilohilo hupelekwa kwenye mitaa ya ndani ya Kivule, Chanika au Mbagala, ambako lami huishia barabara kuu na safari iliyobaki ni mchanga, changarawe na madimbwi.

Aidha, gari linakuja likiwa na umri. Kodi ya Tanzania huyaongezea mzigo magari yaliyozidi umri uliowekwa, na Kenya haipokei kabisa gari la miaka zaidi ya 8. Maana yake ni kwamba mnunuzi amekwisha lipia uchakavu wa mtu mwingine kabla hajaendesha hata kilometa moja. Rangi iliyobaki kwenye bodi ndiyo ngao pekee kati ya bati na hewa ya chumvi ya Pwani. Ikibanduka, kutu haingojei.

Za mbele za mwenyewe, za nyuma za jirani

Inafaa kueleza jiwe linavyoruka, kwa kuwa hapo ndipo hesabu inapoanzia. Tairi linapoviringika hubana changarawe katikati ya vijia vyake. Kipande hicho hupanda pamoja na tairi, kisha hufyatuka na kuendelea na mwendo ule ule wa gurudumu. Kikikutana na bati hubandua rangi. Kikikutana na kioo cha gari la nyuma, ambalo nalo linakuja kwa kasi yake, pigo huweza kukipasua.

Magurudumu ya mbele hurusha mawe na tope kwenye sehemu ya chini ya milango na kwenye ukingo wa fenda ya nyuma. Hayo ni maeneo ya gari lenyewe. Kwa hiyo pea ya mbele ya madigadi humlinda mwenye gari moja kwa moja. Magurudumu ya nyuma, kinyume chake, hurusha uchafu wake nje: kwenye kioo cha gari linalofuata, kwenye nguo za mwanafunzi aliyesimama kituoni, machoni mwa mwendesha baiskeli. Ukiacha bampa ya nyuma, faida kubwa ya pea hiyo humwendea mtu mwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bidhaa ambayo nusu ya faida yake inakwenda kwa asiyeilipia hainunuliwi kama inavyostahili. Kila mmoja humtazama mwenzake aanze. Matokeo yake ni barabara ambayo wote wanarushiana mawe na wote wanalipa vioo. Dereva anayelalamika kwamba gari la mbele limempasulia kioo, naye alikuwa gari la mbele la mtu mwingine asubuhi ileile.

Kuna pia wanaonunua pea moja tu, na hufunga ya nyuma kwa sababu ndiyo inayoonekana na ndiyo inayoandikika jina au msemo. Kwa mtu anayetazama mfuko wake peke yake, uchaguzi huo ni kinyume. Kama fedha inatosha pea moja tu kwa sasa, ianze ya mbele, ambayo inalinda mali yake. Ya nyuma ifuate mwezi unaofuata, kama mchango wake kwa barabara ambayo naye anaitumia.

Hesabu ya mwenye chombo

Mfano unaofuata ni wa kuonyesha njia ya kukokotoa tu, wala si bei ya soko; kila mmoja aweke tarakimu zake baada ya kuuliza dukani. Ikichukuliwa kwamba seti ya vipande vinne ni Sh 40,000, na kwamba skrubu, washa, rangi ya kuzuia kutu na grisi ni Sh 10,000, jumla ni Sh 50,000. Madigadi hizo zikidumu miaka 4, gharama ni Sh 12,500 kwa mwaka, au takriban Sh 1,040 kwa mwezi. Kwa gari linalofanya kazi siku 25 kwa mwezi, hiyo ni kama Sh 42 kwa siku.

Upande wa pili wa daftari kuna mambo matatu. La kwanza ni kioo cha mbele. Magari mengi ya wenye kipato kidogo yana bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo sheria inailazimisha. Bima hiyo haimlipi mwenye gari hasara ya gari lake mwenyewe. Kioo kikipasuka, fedha hutoka mfukoni.

La pili ni siku ambazo gari limelala. Dereva wa teksi anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni anajua uzito wa siku moja ya gereji. Hesabu haipelekwi, chakula cha nyumbani kinatafutwa kwa mkopo, na siku inayofuata anaanza akiwa na deni. Huyu ndiye anayeumia zaidi, ingawa gari si lake na uamuzi wa kufunga madigadi si wake.

La tatu ni bei ya kuliuza gari. Mnunuzi mwerevu wa gari la mkononi haanzi na redio. Huinama, akapapasa chini ya milango na ndani ya ukingo wa fenda. Akikuta bati limevimba au limetoboka, bei inashuka papo hapo, na hakuna maneno matamu ya dalali yanayoweza kuipandisha. Uchakavu wa injini unaweza kujadiliwa. Bodi iliyooza haina mjadala mrefu.

Kwa nini nyumbani

Itasemwa kwamba mafundi wapo, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Ni kweli wapo, na wengi wao ni hodari. Tatizo liko katika namna wanavyolipwa. Fundi wa kando ya duka hulipwa kwa kipande kilichofungwa. Akitoboa matundu manane na kukaza skrubu nane, amemaliza na anapokea ujira wake. Kupaka rangi kwenye ukingo wa kila tundu na kungoja ikauke kunamcheleweshea mteja anayefuata. Kutu itajitokeza baada ya masika mawili, wakati huo fundi hayupo na hakuna anayekumbuka nani alitoboa.

Mtu pekee ambaye hakika atakuwepo siku tundu litakapoanza kutoa kutu ni mwenye gari. Kwa hiyo yeye ndiye mwenye sababu ya kutumia nusu saa zaidi. Hii si dharau kwa mafundi. Ni kanuni ya kawaida ya biashara: kazi ambayo ubovu wake hauonekani siku ya malipo inahitaji jicho la anayelipa.

Asiye na vifaa au asiyejiamini anaweza kumwita fundi nyumbani, akasimama pembeni, na wakakubaliana mapema kwamba malipo ni pamoja na kupaka rangi matundu. Ujira utaongezeka kidogo, lakini fundi atakuwa analipwa kwa kazi nzima.

Namna ya kufunga

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: drili, bisibisi, spana ndogo, tupa au msasa, kalamu ya kuwekea alama, skrubu zisizoshika kutu, washa pana, rangi ya kuzuia kutu na grisi.

Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, na kabari ziwekwe kwenye magurudumu. Kwa magurudumu ya mbele, mara nyingi inatosha kukunja usukani upande mmoja ili nafasi ya nyuma ya tairi ionekane. Ikilazimu gurudumu litolewe, gari liinuliwe kwa jeki kisha liegemezwe kwenye stendi imara. Mtu asiingize kichwa wala mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, nayo haitoi taarifa.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Ukingo wa fenda usuguliwe mpaka bati lionekane safi, kwa kuwa skrubu inayokazwa juu ya tope hubana unyevu ndani yake. Hatua ya pili ni kujaribishia. Kipande kishikwe mahali pake bila kutoboa chochote. Usukani ukunjwe mpaka mwisho, kulia na kushoto, kuona kama tairi linagusa. Ikumbukwe kwamba gari likibeba watu na mizigo hushuka, hivyo ncha ya chini isikae karibu mno na ardhi. Nafasi ya sentimita 10 hadi 15 hutosha gari dogo la kawaida. Ikiwa chini zaidi, siku gari litakaporudi nyuma na kupanda ukingo wa barabara, tairi litaikanyaga madigadi na kuing'oa pamoja na kipande cha bampa.

Hatua ya tatu ndiyo inayookoa fedha: kutafuta matundu yaliyokwisha kuwepo. Magari mengi ya Japani yana skrubu au vishikizo vinavyobana plastiki ya ndani ya fenda. Mara nyingi matundu hayo yanaweza kutumika, na madigadi zilizotengenezwa mahususi kwa aina hiyo ya gari hukaa juu yake bila kutoboa bati jipya. Kila tundu ambalo halikutobolewa ni tundu ambalo halitaoza.

Pale inapolazimu kutoboa, kwanza ichunguzwe kilichopo nyuma ya bati. Paipu za breki, nyaya za taa na paipu ya kujazia mafuta hupita karibu na magurudumu ya nyuma katika magari mengi. Drili inayozama sentimita mbili zaidi inaweza kugusa mojawapo, na hapo hasara si ya kutu tena bali ni ya maisha. Njia rahisi ni kuzungushia utepe kwenye ncha ya drili, mahali ambapo isipite, ili mkono ujue pa kuishia.

Tundu likishatoka, kingo zake zilainishwe kwa tupa, vumbi la chuma lifutwe, na rangi ya kuzuia kutu ipakwe ndani na nje. Iachwe ikauke. Ndipo skrubu iliyopakwa grisi ipite, ikiwa na washa pana ili mpira usichanike. Skrubu ikazwe ya kutosha, si kwa nguvu zote; mpira uliobanwa kupita kiasi hujikunja na kuacha mwanya wa maji. Baada ya wiki moja ya safari, skrubu zote zipitiwe tena, maana mtikisiko wa njia huzilegeza.

Jambo la mwisho husahauliwa na wengi. Tope hujikusanya kati ya madigadi na bati, na likikaa humo huhifadhi unyevu siku nyingi. Kwa hiyo gari likioshwa, maji yapitishwe na nyuma ya madigadi. Baada ya masika, ni vyema kuzifungua, kuosha, kugusa rangi palipochubuka na kuzirudisha. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mwaka.

Kinachouzwa sokoni

Mnunuzi atakutana na aina tatu. Ya kwanza ni madigadi zilizotengenezwa kwa umbo la gari fulani. Bei yake huwa juu, lakini hukaa sawasawa na hutumia matundu ya kiwandani. Ya pili ni za plastiki zinazodaiwa kufaa gari lolote. Hizi zipimwe kwa mkono: kipande kikunjwe taratibu, na kikionyesha weupe au ufa kwenye mkunjo, kirudishwe kaunta. Plastiki ngumu hupasuka ikipigwa na jiwe au ikigusa kingo, na jua hulizidishia tatizo hilo.

Aina ya tatu ni mpira unaokatwa kwa kipimo, ama kutoka kwenye shiti mpya ama kwenye mikanda ya mashine na matairi ya zamani. Hii mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote na inaweza kudumu kuliko zote. Tahadhari ni moja. Matairi mengi ya siku hizi yana waya za chuma ndani ya sehemu inayokanyaga barabara. Mpira uliokatwa hapo huacha ncha za waya zinazoshika kutu na kuchubua rangi. Mafundi wa makatambuga wanaijua tofauti hiyo vizuri, na mnunuzi wa madigadi anaweza kujifunza kwao.

Mpira mzito mno nao si fadhila. Huvuta ukingo wa fenda kila gari linaporuka tuta, na mwishowe hupanua matundu. Kwa gari dogo, mpira wa unene wa milimita 3 hadi 5 unatosha. Wa lori ubaki kwa lori.

Wenye maduka nao wana nafasi hapa. Anayeuza madigadi pamoja na skrubu zake, washa zake na kikopo kidogo cha rangi, vyote katika mfuko mmoja na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, atakuwa anauza kitu kilichokamilika. Mteja hatalazimika kuzunguka maduka manne, na hatarudi nyumbani na skrubu za kawaida zitakazooza kabla ya madigadi yenyewe. Faida ya ziada kwa muuzaji itatoka kwenye vile vitu vidogo. Katika eneo ambalo duka moja na jirani yake huuza bidhaa zinazofanana, tofauti ya namna hiyo ndiyo huleta wateja.

Kwa upande wa matajiri wenye teksi na magari ya kubeba abiria, ushauri ni mfupi zaidi. Dereva anayeleta hesabu kila jioni hapaswi kubeba peke yake hasara ya jiwe ambalo mpira wa bei ndogo ungelizuia. Madigadi ni sehemu ya gari, na gari ni la tajiri. Zinunuliwe kabla ya masika, pea mbili, na Jumamosi moja itengwe kwa ajili ya kuzifunga, dereva na tajiri wakiwapo wote wawili.